Uanagenzi wa shahada au chuo cha kawaida? Tumebakiwa na siku tisa

BintiShangani
Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nina jambo la haraka. Mwanangu anaanza mitihani ya kumaliza sekondari huku Uingereza, A-level, wiki ijayo na mezani pana barua mbili. Moja ya chuo kikuu, sayansi ya kompyuta, miaka mitatu. Ya pili ni hii ya kuajiriwa huku unasoma: kampuni inampa mshahara, ada halipi yeye, na mwisho anatoka na shahada. Hawa wa kazi wanataka jibu ndani ya siku tisa. Baba yake anasema chuo, hataki kusikia jengine. Mimi moyo unanipeleka huku na huku. Mliopitia naomba mnambie, kipi bora?

NgoshaWaReading
Dada, hapo ni sawa na kuuliza "basi au boti?" bila kusema unakwenda wapi. Kampuni gani? Mshahara kiasi gani? Ofisi iko mji gani na nyinyi mnakaa wapi? Na kubwa kuliko yote, kijana ana karatasi gani? Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, hiyo ya kazi asahau, uzi ufungwe tulale.

NahodhaLikoni
Naomba kueleweshwa. Uanagenzi ndio nini hasa? Huku Mombasa mwanafunzi wa kompyuta huenda atachimenti miezi mitatu, akatumwa chai na kutoa fotokopi, kisha akarudi chuo na barua yenye muhuri. Ndiyo hiyo?

MhengaWaMbezi
Hiyo kwetu ni fildi. Uanagenzi ni kukaa na fundi: unashika tochi mwaka mzima, ndipo siku moja anakuachia spana.

KijanaWaJumatano
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tatu wa njia hiyo hapa Manchester, ngoja nieleze. England waliianzisha mwaka 2015. Wewe ni mfanyakazi tangu siku ya kwanza: mkataba, likizo, pensheni, makato ya kodi. Mafunzo yanagharimiwa na tozo iliyoanza Aprili 2017, asilimia 0.5 ya mishahara kwa kila mwajiri anayelipa zaidi ya pauni milioni 3 kwa mwaka. Ada huioni kabisa, na hata ukiondoka katikati mwajiri haruhusiwi kukudai gharama za mafunzo.

Wiki yangu: siku nne kazini, naandika programu za mfumo wa malipo. Jumatano chuo. Kwenye kalenda ya timu Jumatano yangu imepakwa kijani na nimeandika "msiniite". Wananiita. Wiki iliyopita niko darasani, somo la hifadhidata, simu inatetemeka: "dakika mbili tu." Zikawa saa moja na nusu, nimeketi kwenye ngazi za dharura, laptopu mapajani, mlango ukifunguliwa baridi inanipiga mgongoni. Nilivyorudi darasani mhadhiri alikuwa anafuta ubao.

Pesa ni nzuri, sikatai. Lakini wenzangu wa sekondari wakimaliza mitihani mwezi wa tano wanaonekana tena Septemba. Mimi nina siku 25 za likizo, na karibu nusu yake zinaliwa na kazi za chuo zinazotakiwa Ijumaa.

BintiShangani
Ahsanteni. Mniwie radhi, niliandika nikiwa jikoni. Tuko Leicester. Kampuni ni benki moja kubwa, jina naliweka kapuni, ofisi iko Birmingham, siku tatu ofisini na mbili nyumbani. Mshahara wa kuanzia pauni 23,500. Kijana kazaliwa hapa, pasipoti ya hapa. Chuo ni Sheffield. Jina la ile shahada ya kazini limenitoka, ni refu, nitamuuliza akirudi.

NgoshaWaReading
Sasa tunaongea. 23,500 ukitoa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi inabaki kama 1,650 kwa mwezi. Toa treni ya Birmingham siku tatu kila wiki. Halafu kuna kodi ya kaunsili, ile nyumba inayolipa kwa halmashauri: mwanafunzi wa kutwa hahesabiwi, mwanagenzi anahesabiwa isipokuwa analipwa pauni 195 kwa wiki au chini ya hapo. Akikaa kwako si neno. Akipanga na wanafunzi, bili inabisha hodi kwenye nyumba ambayo ingekuwa na msamaha. Hapa Reading najua nyumba moja ya wanafunzi wanne na mwanagenzi mmoja, waligombea bili hiyo mpaka wakagawana rafu za friji kwa utepe.

Mimi nasema chuo. Mtoto wa miaka 18 anahitaji mahali pa kukosea bila meneja kumwangalia. Tena sayansi ya kompyuta ni hisabati, algoriti, mifumo ya uendeshaji. Hizo shahada za kazini robo tatu ni mambo ya biashara.

KijanaWaJumatano
Robo tatu umeipima kwa pishi gani, mkuu? Nimesoma miundo ya data na nimelia nayo kama wenzangu. Inategemea chuo na njia aliyopangiwa. Kuna wa uhandisi wa programu, kuna wa uchambuzi wa data, kuna wa usalama wa mitandao, na kuna wa uchambuzi wa biashara. Huyo wa mwisho ndiye unayemsema wewe. Mama, hilo jina refu lina maana, litafute.

KijitiCheupe
Nitaandika kirefu, asiyependa apite.

Nilianza 2021 kwenye kampuni moja ya kati, jina halina faida. Tangazo lilisema mhandisi wa programu. Siku ya kwanza nikapewa laptopu, beji, na kiti pembeni ya printa. Kazi: kuwafungulia akaunti waliosahau nywila. "Wiki mbili tu uzoee mazingira." Ikawa miezi kumi na minne. Nikafika kuwajua wasahaulifu wa kila Jumatatu kwa sauti zao. Kuna mama mmoja wa mauzo alikuwa ananipigia kabla hajavua koti.

Huku chuoni natakiwa kujaza jedwali la ushahidi: eleza ulivyobuni na kujaribu programu kazini. Nieleze nini? Nikaandika kiskripti cha kufungua akaunti zilizojifunga, mistari kama arobaini, nikakisimulia kurasa kumi na mbili. Mhadhiri akauliza, "Mradi ni huu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, akaandika kitu pembeni.

Meneja wa kwanza akaondoka. Wa pili hakujua kama mimi ni mwanagenzi, akanipanga zamu siku ya chuo wiki tatu mfululizo. Wa tatu alikuwa mtu wa watu, akanihamishia timu ya programu. Nilifurahi wiki tisa. Ya kumi tukaitwa mkutano wa mtandaoni, kamera zote zimezimwa, tukaambiwa idara inapunguzwa.

Hapo ndipo nikajua kanuni ambayo hakuna aliyenitajia. Ukipunguzwa kazi ukiwa umefikia asilimia 75 ya mafunzo, au umebakiza miezi sita au pungufu, serikali inaendelea kulipia hadi umalize. Mimi nusu tu nilikuwa sijafika. Wa namna yangu anabebwa wiki 12 atafute mwajiri mwengine. Nilituma maombi sitini na kitu. Wiki ya kumi na moja nikapokelewa na kampuni ya watu tisa, iko juu ya duka la mazulia, ukiingia unanukia zulia jipya mpaka jioni. Nikamalizia pale. Shahada ninayo.

Dada, mshahara mmeshaujua, uwekeni pembeni. Aulize wanagenzi wa mwaka wa pili wanafanya kazi gani, na aongee na mmoja wao bila meneja kuwapo.

MhengaWaMbezi
Pole sana mkuu. Umenikumbusha yule wa tochi na spana.

Swali langu: akirudi nyumbani, TCU, ile tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, watakitambua cheti cha kazini?

KijanaWaJumatano
Shahada inatolewa na chuo kikuu, si na kampuni. Ataomba utambuzi TCU kama anavyoomba aliyesoma Sheffield. Cheti cha uanagenzi ni karatasi nyengine, inakuja baada ya tathmini ya mwisho.

BintiShangani
Kuna jambo sikulisema mwanzo kwa kujua uzi utachafuka. Mkopo wa masomo una riba. Mimi sitaki mwanangu aanze maisha nao. Baba yake anasema ni dharura, dini inaruhusu, watoto wote wa msikitini kwetu wamechukua. Hii ya kazi ndiyo iliyonitoa njia panda hiyo, ndiyo maana naing'ang'ania.

NgoshaWaReading
Dada, hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe! Umetuzungusha siku mbili.

Lakini tuwekane sawa. Ada ya mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 9,535, mara tatu ni 28,605, bado chakula na kodi ya chumba. Kwa mpango wa sasa wa mkopo analipa asilimia 9 ya kinachozidi 25,000 kwa mwaka. Akipata 35,000 anakatwa pauni 75 kwa mwezi. Hana kazi, halipi. Miaka 40 ikipita, deni linafutwa. Na nyongeza yake inafuata mfumuko wa bei tu. Ile ni kodi iliyovaa kanzu ya mkopo.

BiChausiku
Kaka Ngosha, kanzu usiiingize hapa. Ziada ni ziada. Serikali yenyewe imekiri kuna Waislamu wanaokwama: sheria ya elimu ya juu ya 2017 ilifungua mlango wa ufadhili usio na riba, na watoto wangu wawili wameingia na kutoka chuoni mlango ungali umefungwa. Mkubwa alisoma kwa kulipa taslimu, tuliuza kiwanja cha Fuoni. Sijutii, ila kile kiwanja nikipita huwa nageuza uso.

NahodhaLikoni
Jamani tusitoe fatwa humu. Aulize anayemwamini. Mimi nauliza la kidunia: benki inayomwajiri kijana, hiyo haina riba?

BiChausiku
Nahodha, wewe ni mchokozi.

KijanaWaJumatano
😂 Mkuu umetia pilipili kwenye macho. Ila kweli, kwetu yupo kijana aliyekataa benki kwa hilo hilo akachukua ya kampuni ya simu.

Mberlini
Kwa nini wote mnaangalia Uingereza? Huku Ujerumani mfumo wa kazi na shule ni wa vizazi na vizazi. Kuna duales Studium, shahada na mwajiri pamoja, na kuna Ausbildung, yaani uanagenzi wa kawaida wa miaka mitatu, unalipwa kila mwezi, IT ipo. Kenya na Ujerumani wametiliana saini makubaliano ya ajira Berlin, Septemba 2024. Kikwazo ni lugha, Kijerumani cha B1, yaani ngazi ya kati, kwenda mbele.

NgoshaWaReading
Mtoto ana mitihani wiki ijayo, wewe unamletea Kijerumani?

NahodhaLikoni
Mwache aseme. B1 inachukua muda gani mtu akianzia sifuri? Na darasa liko Mombasa au mpaka Nairobi?

Mberlini
Ukikaza, miezi minane hadi mwaka. Nilipoanza mimi nilisoma Nairobi.

KijitiCheupe
Bi Shangani, ulimuuliza kijana? Naona baba kasema, mama kasema, sisi tumesema. Yeye kasema nini?

BintiShangani
Nimemuuliza jana baada ya futari ya Alhamisi. Kumbe keshawatafuta wanagenzi wawili wa benki hiyo LinkedIn. Mmoja kamwambia aje, timu yake wanaandika programu kila siku na siku ya chuo haiguswi. Wa pili kasoma ujumbe, hajajibu. Nikamuuliza, na wewe unaonaje? Akasema, "Mama, nataka Sheffield, lakini nataka na mshahara." Basi.

Jina la shahada: suluhisho za dijiti na teknolojia, njia ya uchambuzi wa data. Alinionyesha kwenye simu.

KijanaWaJumatano
Uchambuzi wa data si mbaya, mama. Ila huyo asiyejibu amtafute tena. Ndiye mwenye habari.

NgoshaWaReading
Aliyesema "nataka Sheffield" ameshasema. Mimi sina zaidi.

BiChausiku
Alisema na mshahara pia. Soma yote.

BintiShangani
Zimebaki siku tano. Jumatatu hana mtihani, tutapanda treni ya asubuhi mimi na yeye mpaka Birmingham, tuone huo mwendo wa saa zima ukoje na watu wamesimama. Baba yake kasema tiketi halipi yeye.

NahodhaLikoni
Mberlini, hiyo Ausbildung ina kikomo cha umri? Nina mdogo wangu, ana 27.