Tupeane uzoefu: neno gani la Kiingereza la safari au la teknolojia lilikukwamisha, na sasa unalikumbukaje?

Mleta mada:
Wakuu, habari za leo. Naona watu wanatumiana orodha za maneno ya Kiingereza, mia kwa mia, huku neno, huku tafsiri, na baada ya wiki mbili hakuna lililobaki kichwani. Mimi nilikuwa na daftari la namna hiyo. "Boarding" nililiandika, mbele yake nikaweka "kupanda ndege", nikalipigia mstari mwekundu.

Siku ya safari yangu ya kwanza nikakaa kwenye viti vya kusubiria huku macho yangu yote yako kwenye saa moja tu, ile ya "departure". Ndege inaondoka saa nne kasorobo, kwa hiyo saa tatu na nusu nikainuka, nikabeba begi langu. Geti limefungwa. Kupitia kioo naiona ndege palepale ilipo, na mlango haufunguliwi tena. Nilipoitazama vizuri ile karatasi niliyokuwa nimeishika muda wote, pembeni kidogo ya saa ya kuondoka paliandikwa "boarding time", na chini yake kwa herufi ndogo kwamba geti hufungwa mapema. Neno nililijua. Linanitaka nifanye nini ndicho sikukijua.

Toka siku ile kila neno la safari naliwekea kitendo. "Boarding": inuka, kapange foleni. "Final call": acha unachofanya, kimbia. "Delayed": imechelewa lakini ipo, usiende mbali, maana muda unaweza kubadilika tena. "Cancelled": haiendi kabisa, nenda kaunta wakupangie nyingine.

Leteni ya kwenu. Ya simu na kompyuta pia yanaruhusiwa, maana siku hizi tiketi yenyewe iko kwenye simu.

Mchangiaji wa 1:
Pole sana mkuu. Langu ni "charge". Nilijua ni kuchaji simu, basi. Nikajiunga na programu fulani kwa majaribio ya bure ya siku 7, na chini paliandikwa "you will be charged after the trial". Nilisoma nikapita, nikidhani ni habari za betri. Siku ya nane kadi yangu ikakatwa hela. Sasa naangalia kinachotajwa: ikiwa ni betri, ni chaji; ikiwa ni mimi au kadi yangu, ni pesa inatoka.

Hapo hapo nikajifunza "refund", kurudishiwa pesa. Tiketi ikiwa na "non-refundable", ujue ukighairi safari hela imekwenda. Hilo neno ni refu ila lisomeni lote, ile "non" ya mbele ndiyo yenye maana.

Mchangiaji wa 2:
Mimi nafundisha. Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni "luggages", "informations", "equipments", "softwares". Wanafunzi hawakosei kwa uzembe. Sisi tuna mzigo na mizigo, kifaa na vifaa, kwa hiyo mtu anaona wingi ni haki ya kila nomino. Kwa Kiingereza hayo hayahesabiwi, ni kama sisi tunavyosema maji. Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of luggage", au tumia "bags", hilo linakubali. Hata kwenye tiketi utakuta mizigo inahesabiwa kwa "piece".

Mchangiaji wa 3:
Vijana, mimi nimefanya kazi melini miaka mingi, na Kiingereza nilikiokota hukohuko. Nataka niwape kitu kimoja ambacho kilinirahisishia sana.

Maneno mengi ya ndege ni ya meli. "Board" ni ubao, na zamani ndiyo iliyoitwa ubavu wa meli. Mtu akiingia chomboni yuko "on board". Ndege ilipokuja ikakuta lugha ya baharini iko tayari, ikarithi: "captain", "crew", "cabin", hata "port" iliyomo ndani ya "airport". Ukishajua la meli, la ndege umeshalijua nusu.

Sasa sikilizeni hili. Kila siku mnabonyeza "log in". "Log" ni gogo. Mabaharia walikuwa wanatupa kipande cha ubao majini nyuma ya meli, kimefungwa kamba yenye mafundo, wanahesabu mafundo mangapi yanapita mkononi kwa muda fulani, hapo wanapata mwendo wa chombo. Fundo ni "knot", na mpaka leo mwendo wa meli na wa ndege unapimwa kwa "knot". Moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Hesabu hizo ziliandikwa kwenye daftari la safari, likaitwa "logbook". Baadaye kuandika jina lako kwenye daftari likawa jambo la kompyuta. Mimi nilikuwa nachanganya "log in" na "log out" mpaka nilipoambiwa habari hii. Sasa naliona daftari: najiandika nimeingia, najiandika nimetoka.

Na sisi tumefanya vivyo hivyo bila kukopa kwa mtu. Faili tunalipakia, faili tunalipakua. Hayo ni maneno ya mizigo. Mtu akikuuliza "upload" ni ipi na "download" ni ipi, mwambie awaze chombo kiko gatini: unapakia kitoke kwako kiende, unapakua kije kwako.

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Hili la gogo sikuwahi kulisikia, na hakika sitalisahau. Asante sana.

Mchangiaji wa 4:
Kwa kifupi: "direct" na "nonstop" si kitu kimoja. "Nonstop" haitui popote njiani. "Direct" inaweza kutua mahali, watu wakashuka na wengine wakapanda, ila namba ya safari inabaki ileile. Nilimwambia aliyenipokea aje saa fulani kwa kudhani natoka pale hadi pale moja kwa moja.

Mchangiaji wa 5:
Kwangu tatizo lilikuwa sikio. Kiswahili tunasoma kilivyoandikwa, kwa hiyo "aisle" nilikuwa naisoma "aisle" na herufi zake zote. Nikafika kaunta, dada wa watu akaniuliza "window or aisle?" Nikasikia "ail". Akarudia. Nikasikia "ail" tena. Watu nyuma yangu wanangoja, mikono inatoka jasho, nikasema "window" kwa sababu ndilo pekee nililolishika, na mimi miguu yangu ni mirefu, nilitaka kiti cha njiani.

Nyumbani nikafungua kamusi ya kwenye simu, ile yenye alama ya spika, nikaanza kusikiliza kabla ya kusoma. "Queue" inasikika "kyuu" tu, herufi nne za nyuma zote hazina sauti yake. "Receipt" haina "p". "Schedule" Waingereza wengi wanaanza na "sh", Wamarekani na "sk". Ushauri wangu: neno usilolisikia usiseme umeshalijua.

Mchangiaji wa 6:
"Discard". Nimejaza fomu ya maombi kwa saa mbili, kikatokea kisanduku: "Discard changes?" Nikabonyeza "OK", maana "OK" nimeizoea kuwa ni sawa, tuendelee. Fomu ikawa nyeupe. "Discard" ni kutupa. Baada ya hapo nikabadilisha lugha ya simu yangu yote kuwa Kiingereza. Wiki ya kwanza ngumu, lakini "settings", "storage", "allow" na "deny" nilivishika bila daftari, kwa sababu kila kimoja nilikibonyeza nikaona kilichotokea.

Mleta mada:
Nashukuru wote, nimenakili mengi. Niongeze moja la juzi. Baba yangu amesafiri kwa ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Hana Kiingereza. Nilimwandikia maneno matano kwa herufi kubwa nyuma ya bahasha, mbele ya kila neno nikaweka cha kufanya, na jioni tukawa tunakaa namwonyesha neno, ananiambia kitendo. Siku yenyewe akanipigia simu kutoka uwanjani, sauti imetulia kabisa: "Mwanangu, pale juu wameandika lile la tatu, delayed. Kwa hiyo mimi nimekaa hapahapa, sisogei."