Pasipoti ya kijana: wanasema sikuwa Mkenya alipozaliwa. Kifungu cha 14 kinasemaje?

Mama Zawadi:

Wapendwa, hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kijana wangu wa kwanza alizaliwa huku 2009. Mimi nilikuwa nimechukua uraia wa huku 2006, na nyote mnajua enzi zile ukichukua wa kwao, wa kwetu unakatika. Baba yake si Mkenya. Sasa kijana amekua, anataka pasipoti ya Kenya, na wazo ni lake mwenyewe. Nikajaza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikapakia cheti changu cha kuzaliwa, kitambulisho changu cha zamani na cheti chake.

Dada yangu akaenda kufuatilia kwenye ofisi moja Nairobi. Akaambiwa kwa mdomo: "Huyu mama hakuwa Mkenya mtoto alipozaliwa. Aanze yeye kurudishiwa uraia, kisha tutaona." Dada akaomba waandike hayo kwenye karatasi. Karani akaisukuma faili chini ya kioo na kuita mtu wa nyuma yake.

Ninachouliza: ni lazima ya kwangu yaishe ndipo ya kijana yaanze, au yanaweza kwenda sambamba? Na mdogo wake wa 2012 anaingia wapi? Aliyepitia hili aniambie alianza na fomu ipi.

Baba Imani, Minneapolis:

Pole sana mama. Hao ndio walewale. Mimi walinizungusha kuhusu uraia pacha hadi nikakaribia kuacha. Leo wanataka hati ya kiapo, kesho hati ya kiapo ile haina muhuri, keshokutwa aliyekuhudumia yuko likizo na faili iko mezani kwake.

Lakini usikubali kuambiwa hukuwa Mkenya. Soma Kifungu cha 16 cha Katiba ya 2010: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Mwambie dada yako aende na nakala ya Katiba mkononi. Na kama wanabisha, wakumbushe Miguna Miguna, yule wakili wa upinzani. Serikali ilimpakia kwenye ndege Februari 2018 ikisema si Mkenya, na Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema uraia wake wa kuzaliwa haukuwahi kupotea, na fidia ya zaidi ya shilingi milioni 7 juu yake. Kama yeye hakuupoteza, wewe uliupotezaje?

Mwalimu, Leeds:

Baba Imani, tafadhali usimpe mama matumaini ya kifungu kisichomhusu. Kifungu cha 16 kinatazama mbele. Kinamlinda aliyechukua uraia wa nje baada ya Katiba kuanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Mama alichukua 2006, chini ya Katiba ya zamani iliyokataa uraia pacha. Waliotangulia hivyo wana kifungu chao, 14(5): aliyekuwa raia wa kuzaliwa na akaupoteza kwa kuchukua wa nchi nyingine ana haki ya kuurudisha *akiomba*. Neno hilo liko pale. Haki ni yake, ofisi haimfadhili, lakini lazima aombe.

Kuhusu kijana, ofisi imekosea vibaya, na hapo ndipo mama akaze. Kwa aliyezaliwa baada ya Katiba mpya, 14(1) inauliza kama mzazi mmoja alikuwa raia *siku ya kuzaliwa*. Kwa aliyezaliwa kabla yake, inatumika 14(2), na maneno yake ni mapana zaidi: inatosha mama au baba awe ni raia *au alikuwa* raia. Kijana ni wa 2009. Mama alikuwa raia. Wanapodai awe raia siku ile ya 2009, wanachukua kipimo cha watoto wa baada ya 2010 na kumpimia asiyehusika nacho. Tena kumbukeni ilivyokuwa kabla ya hapo. Mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba tu, damu ya mama haikuhesabiwa. Kifungu hiki kiliwekwa kurekebisha dhuluma hiyohiyo, na karani mmoja hawezi kuirudisha kwa kusukuma faili.

Mdogo wa 2012 ni habari nyingine, na heri mama aisikie hapa kuliko dirishani. Kwa 14(1), kama siku ile hakuna mzazi aliyekuwa raia wa Kenya, njia ya kuzaliwa inaonekana imefungwa. Swali linalobaki ni kama uraia uliorudishwa unahesabiwa tangu mwanzo au tangu tarehe ya cheti. Anayejua uamuzi wa mahakama kuhusu hilo aulete hapa.

Nesi wa Stuttgart:

Mwalimu, asante. Umenieleza yangu pia bila kujua.

Mimi nilipata uraia wa huku kabla ya 2010, na kwa miaka yote hii niliogopa kuomba wa Kenya, kwa sababu Mjerumani aliyeomba uraia wa nje bila kibali cha mapema alipoteza wa Ujerumani. Katiba yetu ilinifungulia mlango, sheria ya huku ikaufunga kwa upande wa pili. Sheria ilibadilika tarehe 27 Juni 2024, sasa hawakunyang'anyi. Walio Ujerumani wasikieni hili vizuri, maana bado nakutana na watu wetu kanisani wanaosema "nitapoteza".

Kilichonisukuma si siasa. Baba alifariki. Nikasafiri kumzika kwa eTA, kibali cha mtandaoni cha wageni, kwenye foleni ya wageni pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nyuma ya watalii waliokuwa wakiulizana kuhusu Maasai Mara. Afisa akaniuliza nimekuja kufanya nini na nitakaa wapi. Nikajibu: namzika baba yangu, nitalala nyumbani kwetu. Akaniangalia tu, akapiga muhuri.

Baada ya matanga likaja suala la shamba. Kaka zangu wakanyamaza, binamu ndiye aliyesema: "Huyu ni Mjerumani, kwa Kifungu cha 65 hawezi kumiliki." Na ni kweli, asiye raia anapata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale uani, Katiba ninayoipenda ikisomwa dhidi yangu mbele ya kaburi ambalo udongo haujakauka. Nimeanza ombi la 14(5) wiki ileile niliyorudi. Bado nasubiri. Kuna mtu anajua kama cheti kikitoka baada ya urithi kugawanywa, bado nina dai?

Baba Imani, Minneapolis:

Dada yangu wa Stuttgart, pole kwa msiba. Mungu amrehemu mzee.

Mwalimu, kesi ya Miguna umeiruka. Alichukua uraia wa Canada miaka mingi kabla ya 2010, sawasawa na mama. Na Jaji Mwita, aliyeamua kesi hiyo, akasema hakuupoteza. Sasa nani mkubwa, jaji au maelezo yako?

Mama Zawadi:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu Mungu akubariki kwa 14(2), nimeichapisha. Lakini bado sijapata jibu: maombi mawili kwa pamoja, yangu na ya kijana, inawezekana au mfumo unakataa?

Wakili mstaafu, Toronto:

Wanajumuiya, nimefanya kazi hii miaka mingi Nairobi kabla ya kufuata wajukuu huku, kwa hiyo niruhusuni.

Baba Imani ana hoja, Mwalimu ana hoja. Hukumu ya Miguna ilitokana na ukweli wa mtu mmoja: alivyofukuzwa, amri zilizovunjwa, na pasipoti ya Kenya aliyokuwa ameshapewa, ambayo serikali ilimpokonya bila kumsikiliza. Inasaidia sana kama hoja. Lakini ukienda dirishani na kusema "sihitaji kuomba, Miguna alishinda", utarudi mikono mitupu, kwa kuwa 14(5) ipo na bado inasema ombi liwepo. Tumia hukumu kuonyesha kwamba uraia wa kuzaliwa hauondolewi kiholela, na ombi lako uliwasilishe.

Kinachonikera hapa ni lile la kukataa kwa mdomo. Hapo sheria iko wazi. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali, yenye busara na inayofuata utaratibu wa haki, na anayeumizwa na hatua hiyo ana haki ya kupewa sababu *kwa maandishi*. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu hicho inaipa ofisi siku 30 tangu ilipopokea ombi lako la sababu. Wakinyamaza, mahakama itachukulia kwamba hawakuwa na sababu ya maana, hadi wao wenyewe wathibitishe vinginevyo. Kwa hiyo mama, usimtume dada yako tena kubishana. Aende na barua fupi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, airudishe nyumbani. Karatasi hiyo yenye muhuri ina nguvu kuliko makelele ya mwaka mzima. Na kama mnataka kujua wanatumia mwongozo gani wa ndani kuhusu 14(2), ombeni kwa Kifungu cha 35. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21.

Msikimbilie mahakamani kesho. Sheria hiyohiyo ya 2015 inataka kwanza mmalize njia za rufaa za ndani. Nimeona maombi mazuri yakitupwa nje kwa sababu hiyo tu, na mteja ameshalipa wakili.

Mzee wa Voi, Doha:

Wakili, salamu kwako. Unayosema ni mazuri kwa kusoma. Lakini hebu tuulizane kama serikali inajali muhuri wa karani wakati haijali muhuri wa jaji.

Huyo Miguna mnayemtaja alishinda, kisha Januari 2020 akazuiwa kupanda ndege ya kurudi, na amri ya mahakama anayo. Alirudi Oktoba 2022, serikali ilipobadilika. Haki yake iliingia na uchaguzi.

Polisi wetu waliopelekwa Haiti je? Mahakama Kuu Januari 2024 ilisema kuwapeleka ni kinyume cha Katiba. Juni wakaenda. Ushuru wa nyumba? Novemba 2023 mahakama ikaukataa. Machi 2024 ukarudi na jina la sheria mpya, na mshahara wa mdogo wangu pale Nairobi unakatwa asilimia 1.5 kila mwezi. Sheria ya Fedha ya 2023 ikafutwa yote, kisha ikafufuliwa. Mnataka tuamini nini?

Mwalimu, Leeds:

Mzee wangu, uchungu wako ni wangu pia. Lakini tuwe sahihi, maana tukichanganya mambo tunawapa wao nafasi ya kusema hatujui.

Katika suala la Haiti, mahakama ilisema polisi wanaweza kwenda tu kwenye nchi yenye makubaliano ya kusaidiana, na wakati ule hayakuwepo. Tarehe 1 Machi 2024 wakatia saini. Unaweza kusema ni ujanja, mimi pia naona ulikuwa ujanja, lakini walilazimika kupita kwenye mlango ambao hukumu iliacha wazi. Na ushuru wa nyumba ulikataliwa kwa sababu, miongoni mwa nyingine, uliwabana walioajiriwa tu na kuwaacha wengine. Sheria mpya ikawaingiza na wasio na ajira rasmi. Hukumu ndiyo iliyobadilisha sura yake.

Ninachokasirikia mimi ni Sheria ya Fedha. Mahakama ya Rufaa ilipoifuta tarehe 31 Julai 2024, ilisimama kwenye ushirikishaji wa umma: Bunge liliongeza vifungu ambavyo wananchi hawakuwahi kuvitolea maoni. Mahakama ya Juu ikapindua tarehe 29 Oktoba, ikasema si lazima kila badiliko lirudishwe kwa umma upya. Hapo naona mlango mkubwa umeachwa wazi. Leo unauliza watu kuhusu mswada, kesho unachomeka kingine ndani, na kanuni ya Kifungu cha 10 ya kuushirikisha umma inabaki pambo tu. Vijana waliokwenda barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wamelisoma hilo kuliko mawakili wengi. Na wengine hawakurudi nyumbani.

Mzee wa Voi, Doha:

Hao vijana ndio naowalilia, Mwalimu. Mpwa wangu alikuwepo tarehe 25. Mama yake alimpigia simu usiku kucha. Asubuhi akapokea, sauti imekauka, akasema yuko salama, yuko kwa rafiki. Mimi huku nilikuwa zamu, natazama picha kwenye simu, siwezi hata kwenda kusimama mlangoni kwa dada yangu.

Dada wa Kisumu, Sydney:

Mzee, tunalia wote. Lakini kuna jambo moja la Katiba ambalo sisi wa nje tumeliacha lioze. Kifungu cha 82(1)(e) kinalazimisha Bunge kutunga sheria ya kuwaandikisha raia walio nje na kutimiza haki yao ya kupiga kura *hatua kwa hatua*. Mahakama ya Juu ililikubali hilo la hatua kwa hatua mwaka 2015. Mwaka 2013 tulianza na nchi nne za Afrika Mashariki, 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, 2022 zikawa nchi 12, kura ya rais peke yake. Na walioandikishwa nje yote 2022 walikuwa 10,443. Mji mdogo mmoja tu wa huku una Wakenya wa kujaza ukumbi, na Australia haikuwemo kabisa kwenye orodha!

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Hatua kwa hatua haimaanishi kukaa. Nimeanza barua kwa IEBC, tume ya uchaguzi, nikiuliza kwa Kifungu cha 35 ni vigezo gani vinatumika kuchagua nchi, na kwa nini sisi hatumo. Walio tayari kutia majina nchi kwa nchi waniandikie pembeni kabla ya Ijumaa. Wakili, naomba uisome rasimu usiku huu kama una nafasi.

Wakili mstaafu, Toronto:

Itume. Ila toa neno "tunadai" kwenye aya ya kwanza, weka "tunaomba kwa mujibu wa sheria". Siku 21 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kupokelewa, kwa hiyo itume kwa njia itakayokupa uthibitisho.

Baba Imani, Minneapolis:

Niwekeni kwenye orodha. Na Mwalimu, hukumu ya Miguna nitaisoma yote, halafu turudi kwenye hilo, maana halijaisha.