Sabuni yangu nataka iitwe "Utupu", mnaonaje?

SabuniTanga:
Wakuu habari za leo, naombeni mawazo kabla sijaenda kulipia jina BRELA, kule wanakosajili biashara. Natengeneza sabuni ya kipande ya mafuta ya nazi hapa Tanga, mwaka wa pili sasa, haina manukato haina rangi, ni mafuta, maji na kostiki soda basi, na wateja wangu wakubwa ni watu ambao ngozi zao zinawashwa wakitumia sabuni zenye harufu. Sasa nataka jina la kuonyesha kwamba uzuri wake uko kwenye vile ambavyo havimo. Nimewapenda Wajapani wa MUJI, jina lao refu ni Mujirushi Ryohin, yaani bidhaa nzuri zisizo na chapa, walianza 1980 na bidhaa 40 tu kwenye supamaketi za Seiyu na leo wana maduka nchi kibao. Afu kuna Nothing wa London wanaotengeneza simu, ya kwanza ilitoka 2022, mgongo wake unaonyesha vya ndani. Mimi nimefikiria Utupu, Sifuri au Bila. Mume wangu anasema Utupu linatisha, mimi naona linatulia mdomoni.

binti_pwani:
Dada yangu, Utupu hapana, tena kwenye sabuni hapana kabisa. Utupu ni uchi, mtu akisikia sabuni ya Utupu atajua ni ya kuoshea sehemu za siri, bibi yangu hawezi kumtuma mjukuu akalitamke dukani mbele za watu. Kwa simu labda lingepita ila hii ni kitu cha bafuni.

Mwl_Chaki:
Sifuri kwa asili limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni hiyo hiyo, tupu, kwa hiyo umefikiri vizuri, lakini mimi nafundisha kidato cha nne na nakwambia mzazi wa hapa akisikia sifuri anakumbuka divisheni ziro. Bila nalo ni la mpira, tatu bila, aliyefungwa ndo mwenye bila.

Ila neno tupu usilitupe bado. Likisimama peke yake linaonyesha upungufu, likiegemea kitu linaweza kuwa usafi. Asali tupu ni asali ambayo haijachanganywa na sukari, tunailipia zaidi. Lakini wali mtupu ni wali uliokosa mboga, hapo ni dhiki. Tofauti iko kwa mlaji, kwenye asali anaogopa kilichoongezwa, kwenye wali anasubiri kilichokosekana. Wateja wako wanaogopa kilichoongezwa, kwa hiyo jaribu Nazi Tupu.

Na hao MUJI hawakuishia kwenye jina, kila bidhaa waliiandikia sababu ya bei yake kuwa ndogo. Waliuza uyoga mkavu wa shiitake uliovunjika, wakaeleza kwamba kuvunjika hakupunguzi ladha. Bila maelezo yale mteja angeona tu uyoga mbovu. Na wewe andika kwa nini hakuna manukato, la sivyo watadhani umeshindwa kununua.

Mpwa_Hamburg:
Mwalimu umeongea vizuri sana lakini Nazi Tupu isivuke bahari. Huku Ujerumani neno Nazi kwenye lebo linasomeka kama wafuasi wa Hitler, hakuna mwenye duka atakayeipokea hata umweleze vipi kuhusu minazi. Kama una ndoto ya kuuza nje badilisha mapema kabla hujachapisha stika elfu.

SabuniTanga:
Jamani hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja, asante sana. Vipi nikiita Mnazi?

Kaka_Kisauni:
Dadangu huku Mombasa mnazi ni pombe, ukimuuzia mtu sabuni ya Mnazi atauliza iko na kileo ngapi. Mimi ningekushauri Haina. Watu tayari wanaipenda midomoni, haina noma, haina shida, yaani ni neno la kutokuwepo lakini linamtuliza mtu. Usiende kwa Hakuna wala Hamna, kwa sababu mteja atauliza "mna Hamna?" na muuzaji akijibu "Hamna" mteja atadhani imeisha, hapo unapoteza mauzo kila siku. Na jambo lingine, kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara, uliza zote mbili, na neno ambalo linataja tu bidhaa yenyewe huwa gumu kulilinda, hata Nazi Tupu kesho jirani angeliandika kwa ndoo yake ukabaki kulalamika.

binti_pwani:
Haina nimeipenda!! Ila mbele ya lebo uweke orodha, haina rangi, haina manukato, kwa herufi kubwa, bibi yangu asome bila miwani.

SabuniTanga:
Nimemjaribu mama mkwe jioni hii, nimempa kipande nikamwambia hii inaitwa Haina. Akauliza papo hapo, "haina nini?" Nikamtajia kimoja kimoja, akasikiliza mpaka mwisho akanusa kipande akasema basi haya uliyoniambia ndo uandike. Jumatatu naanza kwa kutafuta jina kwenye mtandao wa BRELA kama liko wazi, Mwalimu nikishapata maneno ya lebo nakutumia unisahihishie.