Taa zinacheza kila frigo ikiwaka, ninunue stabilizateri?

Baba Nyumba, Katuba
Habari za jioni wapapa na wamama. Mimi niko Katuba, hapa Lubumbashi. Miezi miwili sasa kuran, umeme wa nyumba, inanitesa. Frigo ikianza kuvuma, taa zinafifia karibu kuzima, zinarudi, zinafifia tena. Ampuli tatu zimekufa. Jirani wa nyuma taa zake zimetulia kabisa. Nimepata stabilizateri mjini, ile mashine ya kutuliza voti, nusu ya bei nimeshatoa, Jumamosi namaliza. Itatosha, ama nichukue kubwa zaidi? Usiku silali.

Mama Samaki
Pole papa. Mimi kongelateri yangu ilikufa hivyohivyo, pale soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ilikuwa inaguna bila kuwaka, mimi nikasema itazoea. Motori ikikosa nguvu ya kuanza inapata moto mpaka inaungua. Samaki ya wiki nzima niliigawa kwa majirani ikingali inalika, na deni nililipa mpaka Noeli. Chomoa frigo kwanza, hayo mengine baadaye.

Mzee wa Reli
Watoto, jueni kuran yetu inatoka wapi. Laini ya kutoka bwawa la umeme la Inga mpaka Kolwezi ina kilometa karibu 1700, na ikifika huku migodi inaingoja. Mwadingusha, bwawa letu la umeme kwenye mto Lufira, inafanya kazi tangu 1930. Kiangazi maji yakipungua, sisi wa mwisho wa waya tunakula giza. Zamani tulipikia umeme, leo ni moto wa makala tu.

Fundi wa Kamalondo
Mzee, nakuheshimu, lakini jirani yake taa zimetulia. Shida yake haitoki Inga, iko mita chache kutoka mlango wake. Baba Nyumba, nijibu matatu: ulivuta kuran lini, waya ngapi zinaingia kwako, na mvua ikinyesha inakuwaje?

Baba Nyumba, Katuba
Nilivuta mwezi wa tatu, na ilikuwa nzuri sana. Mvua? Ile ya Jumapili usiku, ya kwanza tangu kiangazi, frigo iliwaka na taa hazikutingishika. Jumatano udongo umekauka, shida imerudi. Stabilizateri wanasema inapandisha mpaka voti 220 hata zikishuka sana.

Kijana wa Ruashi
Wakubwa, huyu anatutungia. Nani hapa Lubumbashi hajui kwamba mvua ikianza tu kuran inaondoka? Kwake mvua inaleta mwangaza! Na swali la waya ameliruka.

Mama Samaki
Hata mimi nimeshangaa.

Fundi wa Kamalondo
Hatungi. Hilo la mvua mtu hawezi kulibuni kama halijamfikia, na ndilo linaloniogopesha. Baba Nyumba, waya ngapi?

Baba Nyumba, Katuba
Mmoja. Unatoka kwa jirani wa nyuma. Wa pili tuliufunga kwenye chuma cha kujengea, tukakizamisha chini karibu na bafu. Kulikuwa na waya mbili za shaba, mmoja ukaibwa, nikanunua mwingine, ukaibwa tena. Fundi aliyekuja akasema ardhi nayo ni waya. Jirani namlipa kila mwezi, mimi si mwizi. Na tumeishi hivyo miezi nane bila ajali.

Papa wa Kampemba
Kuvuta kwa jirani ndiko kunakoua kabini zetu za umeme. Kila mtu awe na kontere yake ya kupimia kuran.

Fundi wa Kamalondo
Papa, hiyo tuongee siku nyingine, hapa kuna watoto. Baba Nyumba, ulivuta mwezi wa tatu, udongo umelowa, kuran ikapita vizuri. Kiangazi udongo ukakauka, njia ya kurudi ikawa ngumu. Taa moja inapita kwa shida, lakini frigo ikianza inahitaji kuran mara kadhaa ya ile ya kawaida, basi voti nyingi zinabaki palepale kwenye chuma na taa zako zinakosa. Stabilizateri ikiona voti zimeshuka, itavuta kuran zaidi ili izipandishe. Hiyo yote itapita kwenye kile chuma, na udongo wa pale utabeba umeme zaidi. Mtu akipita peku, miguu miwili haiko kwenye voti sawa. Niambie kweli: kuna mtu amesikia kitu pale kwenye bafu?

Baba Nyumba, Katuba
Mke wangu. Anasema akiogesha mtoto miguu inamchomachoma kama siafu. Nilimwambia ni sementi mpya.

Fundi wa Kamalondo
Usikiguse hicho chuma, usikivute. Piga simu jirani azime dijontere yake, ile swichi kubwa ya kukata kuran, sasa hivi. Mtu asikanyage pale kabla hajazima. Kesho utafute fundi avute waya mbili, fazi ya kuleta kuran na netre ya kuirudisha. Kama shaba inaibwa, chukua aluminiamu, wezi hawaipendi sana. Na aweke dijontere diferensieli ya miliampea 30, ile inayojikata yenyewe kuran ikivujia ardhini.

Kijana wa Ruashi
Papa, unisamehe. Uko hapo?

Mama Samaki
Baba Nyumba?

Baba Nyumba, Katuba
Niko. Jirani amezima, tumewasha mshumaa. Mtoto tumemwogeshea jikoni, kwenye beseni. Mke wangu hasemi na mimi. Asubuhi naenda mjini kumwomba muuzaji anirudishie pesa yangu, ninunue waya. Mzee wa Reli, aluminiamu inauzwa wapi mita kwa mita?