MSIMU WA 1994: Walioiua besiboli ni wenye timu, halafu lawama mnawatwisha wachezaji!

Wakuu, salaam.

Najua humu wengi ni watu wa soka, besiboli mnaiona ni wanaume wazima wanazurura na rungu mkononi. Sawa, sibishi. Lakini kuna jamaa kule kwenye uzi wa mishahara ya wanamichezo kaandika eti mwaka 1994 wachezaji wa Marekani waligoma kwa tamaa zao wakaharibu ligi, na watu kibao wamemuunga mkono. Nimesoma mpaka chai imepoa. Hii siwezi kuipita kimya, mtanisamehe.

Kwa wasiojua: tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji waligoma. Tarehe 14 Septemba kaimu kamishna wa ligi, Bud Selig, akatangaza kwamba msimu umefutwa na World Series, yaani fainali yenyewe, haipo. Fainali hiyo ilikuwa haijakosekana tangu 1904. Vita vya Kwanza vya Dunia ilichezwa. Vya Pili ilichezwa. Mwaka 1989 tetemeko lilitikisa San Francisco watu wakiwa wamekaa uwanjani wakisubiri mechi ya tatu ianze. Wakangoja siku kumi, wakaendelea. Kilichowashinda Hitler na ardhi yenyewe kikawezekana kwa matajiri wa timu 28.

Na huyo Selig ni nani? Alikuwa mmiliki wa timu mojawapo, Milwaukee Brewers! Mwaka 1992 wenye timu walimbana kamishna aliyekuwepo, Fay Vincent, mpaka akajiuzulu, kisha kiti wakampa mwenzao akikalie. Halafu tunaambiwa kamishna yupo kwa maslahi ya mchezo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sasa twende kwenye chanzo. Wenye timu walitaka kuweka ukomo wa mishahara, kwamba jumla ya fedha ambayo timu inalipa wachezaji isivuke kiwango fulani. Chama cha wachezaji chini ya Donald Fehr kikakataa. Na walikuwa na kila sababu ya kutowaamini hawa watu, kwa sababu miaka ya themanini wenye timu walikula njama: wakakubaliana chini ya meza wasigombee wachezaji waliomaliza mikataba, ili bei zishuke. Wasuluhishi wakawakuta na hatia, si mara moja, mara tatu, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280. Mtu kakuibia, kakamatwa, kalipa, miaka minne baadaye anarudi anakwambia niamini mimi nikupangie mshahara. Wewe ungekubali?

Bado. Tarehe 1 Agosti, mgomo haujaanza, wenye timu walitakiwa kupeleka dola milioni 7.8 kwenye mfuko wa pensheni na mafao ya wachezaji. Wakazizuia. Anayetaka kuongea na mwenzie anaanza kwa kumzuilia pensheni?

Wachezaji nao si malaika, nakubali. Wastani wa mshahara ulikuwa umeshapita dola milioni 1 kwa mwaka, na ukimweleza hayo muuza tiketi aliyekosa kibarua hatakuelewa. Lakini tajiri akigombana na tajiri zaidi haina maana wote wana makosa sawa.

Kinachoniuma mimi hasa ni Montreal.

Mwaka ule nilikuwa hapo Montreal, Kanada, naosha vyombo kwenye jiko la hoteli moja, sitaitaja. Niliyepokezana naye zamu alikuwa mzee mmoja mwenyeji, mpishi wa supu. Redio yake ndogo ilikaa kwenye rafu juu ya karo, imefungwa mfuko wa nailoni isiingie mvuke, na kila jioni ilikuwa Expos, Expos, Expos, timu ya Montreal iliyocheza ligi hiyohiyo ya Marekani, kwa Kifaransa. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, kwa vijiko na viazi. Alikuwa na daftari la mistari anaandika kila mechi kwa penseli: nani karusha, nani kapiga, nani kadondosha mpira. Mpaka mwezi wa saba na mimi nilikuwa nimeshaugua ugonjwa ule.

Na timu ilikuwa timu kweli. Kocha Felipe Alou, na mwanawe Moises ndani ya kikosi. Larry Walker, Mkanada. Marquis Grissom anakimbia kama kaiba. Warushaji: Ken Hill, John Wetteland wa kumalizia mechi, na kijana mwembamba wa Jamhuri ya Dominika ambaye bado dunia haijamjua vizuri, Pedro Martinez. Mpaka mgomo unaanza walikuwa wameshinda mechi 74, wamefungwa 40. Hakuna timu katika ligi nzima iliyokuwa na rekodi hiyo. Atlanta, waliozoea kuongoza, walikuwa nyuma kwa mechi sita.

Hapa ndipo nataka mnisome taratibu. Hoja kubwa ya wenye timu ilikuwa kwamba timu zenye fedha kidogo haziwezi kushindana bila ukomo wa mishahara. Na mwaka huohuo aliyekuwa anawachapa wote ni Montreal, moja ya timu zilizolipa mishahara midogo kabisa! Jibu la hoja yao lilikuwa uwanjani, linaongoza msimamo. Wakalifuta.

Ile jioni ya tarehe 14 Septemba mzee alisikiliza tangazo mpaka mwisho, akazima redio, akaendelea kumenya karoti. Hakutukana, hakulia. Kesho yake nikakuta lile daftari lipo kaunta, kwenye ukurasa uliofuata kaandika: vitunguu kilo kumi, siagi, mifupa ya ng'ombe. Likawa daftari la oda za jiko.

Chukulia timu yako inaongoza ligi, raundi zimebaki za kuhesabu, halafu wenye timu wanatoka kikaoni wanasema bingwa hakuna, nendeni nyumbani. Hapo Jangwani na Msimbazi pangetosha?

Na si Montreal tu. Tony Gwynn wa San Diego alikuwa amepiga mipira 165 safi katika majaribio 419, wastani wa .394, yaani karibu mara nne kwa kila majaribio kumi. Mtu wa mwisho kuvuka .400 kwa msimu mzima ni Ted Williams, mwaka 1941. Mipira mitatu zaidi katika majaribio yaleyale na Gwynn angekuwa juu ya mstari. Matt Williams wa San Francisco alikuwa ameshavusha mipira 43 nje ya uzio, timu yake imecheza mechi 115 kati ya 162. Pigeni hesabu wenyewe, rekodi ya Roger Maris ya kuvusha mipira 61 kwa msimu ilikuwa imesimama tangu 1961. Wapigaji wa uwanjani wakanyimwa nafasi na wapigaji wa ofisini.

Ilivyoisha: Desemba wenye timu wakaulazimisha ule ukomo wao kwa nguvu. Machi 1995 wakawa wanafanya mazoezi na wachezaji wa kuokoteza ili waanze msimu bila wale wa kweli. Sparky Anderson, kocha wa Detroit, akagoma kuwafundisha. Huyo nampa heshima zake. Tarehe 31 Machi jaji mmoja wa New York, Sonia Sotomayor, ndiyo, huyohuyo aliyeko Mahakama ya Juu sasa, akatoa zuio dhidi ya wenye timu. Siku mbili baadaye mgomo ukaisha. Siku 232. Kwa hiyo anayesema wachezaji ndio waliokosea aniambie: mbona zuio lilimwangukia mwingine?

Montreal ikauzwa kama mitumba. Haikupita wiki tangu mgomo uishe: Hill kwenda St. Louis, Wetteland New York, Grissom Atlanta, Walker kaachwa aende Colorado. Mwisho wa 1997 Pedro naye akapelekwa Boston. Baada ya msimu wa 2004 timu yenyewe ikahamishiwa Washington, Montreal ikabaki na uwanja wa zege.

Selig? Kaondoa neno "kaimu" mwaka 1998, kakaa mpaka 2015, na 2017 wakamuingiza kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli. Marvin Miller, aliyekijenga chama cha wachezaji, alikufa 2012 hajaingizwa. Wakamkumbuka akiwa kaburini.

Oktoba 1995 Atlanta wakachukua ubingwa. Mpira wa mwisho ulipaa kuelekea katikati ya uwanja, na aliyekimbia akaudaka ni Marquis Grissom. Kwa jezi ya Atlanta. Niliangalia kwenye televisheni ya kantini na yule mzee. Aliinuka kabla hawajaanza kukumbatiana, akaenda kuangalia supu yake.

Wale mnaotaka kutetea wenye timu, karibuni, uzi uko wazi. Ila kabla hujaandika neno tamaa, anza na ile milioni 7.8.