Nina bagi (gari la rimoti) ya mafuta ya nitro, nataka kuhamia brashilesi (mota ya umeme). Nibadilishe hii hii au niuze?

Vumbitupu
Habari za jioni wakuu. Nina bagi ya nitro, Kyosho Inferno ile saizi ya 1/8 (moja ya nane ya gari la kweli), injini ya .21, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi na nimeipenda kwelikweli ila sasa nimechoka. Jumamosi nimefika kiwanjani saa kumi, nikaanza kuhangaika na plagi, inawaka inazima, nafungua sindano ya kabureta robo, nafunga, nafungua tena, mara betri ya stata nayo ikaisha, mpaka mashine inakuja kutulia magharibi hiyo imeshaingia. Nikazungusha tanki moja na nusu nikarudi home nanuka mafuta ya nyonyo, wife ananiuliza huko kiwanjani mlikuwa mnakaanga nini.

Na mafuta yenyewe ndo mtihani. Kwenye ndege hayabebwi, shemeji yangu yuko Dubai kila akija ananiletea vitu ila mafuta haiwezekani, mpaka yaje kwa meli. Tanki ni cc 125, linakata dakika nane tisa hivi, ina maana dumu la lita 4 ni tanki 32, hata masaa matano hayafiki! Halafu na unyevu huu wa Dar dumu ukishalifungua methanoli inavuta maji hewani, baada ya muda gari haishiki tyuning kabisa. Majirani ndo usiseme, mjumbe keshaniita mara mbili kwa ajili ya kelele.

Sasa swali, nibadilishe hii hii niweke mota ya brashilesi au niiuze ninunue ambayo imezaliwa ya umeme? Na betri je, shemeji anaweza kupanda nazo ndege?

Mzee wa Spea
Uza. Ukijumlisha mota, ESC (kidhibiti spidi cha mota), kishikio cha mota, trei ya betri, chaja na betri zenyewe utajikuta umenunua gari nyingine na ile ya zamani bado unayo kwa kipande kipande.

Gia46
Mkuu Spea hapo sikubaliani na wewe kabisa, chaja na betri atanunua tu hata akichukua gari mpya, kwa hiyo hizo usizihesabu kwenye gharama za kubadilisha.

Vumbitupu nisikilize, mimi yangu niliibadilisha na inatembea mpaka leo. Uzuri wa bagi za nitro za 1/8 ni kwamba difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) ipo tayari na gia lake kubwa, haugusi kitu pale. Unatoa injini, tanki, eksozi, klachi, servo ya mafuta (kimota kinachovuta kabureta na breki) na zile disiki za breki, maana mota ndo itakuwa inafunga breki. Sasa angalia hesabu hii: mota ya kv 2000 (yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti) ukiipa betri ya seli nne, volti 14.8, inazunguka kama 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Hiyo haiko mbali na spidi ya injini yako ikiwa imechanganya, ndo maana gia hazihitaji mapinduzi, mimi nina meno 46 kwenye difu na 13 kwenye mota. Usije ukadanganywa uchukue mota ya kv 4000 kwa sababu namba ni kubwa, hiyo ni ya vigari vidogo, kwenye chuma kizito kama hicho utaikaanga.

Vitu vitatu vilivyonisumbua, uvijue mapema. Cha kwanza kile kitundu kwenye chasisi chini ya injini, pale flaiwili inapochungulia. Mimi nilikiacha wazi, siku ya kwanza tu changarawe moja ikarukia ikakaa kati ya pinyoni (gia ndogo ya mota) na gia kubwa, meno sita yote yamelika kama muhindi. Ziba na kipande cha plastiki ngumu au bati. Cha pili, ile betri ndogo ya risiva (inayopokea amri za rimoti) itoe kabisa, ESC yenyewe ndo inalisha risiva na servo ya usukani, ukiziacha zote mbili zinapigana. Cha tatu oili ya difu ya kati, umeme hauna subira kama nitro, ukivuta tu nguvu yote imefika, na oili nyepesi magurudumu ya mbele yanazunguka bure yanavimba kama chapati. Mimi nimeweka nzito ya 10,000 ndo ikatulia.

Kijana wa Maskati
Salaam kutoka Muscat. Kuhusu ndege, mwambie shemeji aangalie Wh (wati saa), sio mAh (mili-ampea saa). Unazidisha volti kwa ampea saa. Seli nne za mAh 5000, yaani ampea saa 5, ni 14.8 × 5 = 74, chini ya 100 hiyo inapita, lakini iwe kwenye mkoba wa mkononi, asije akaiweka kwenye begi la chini. Seli sita ya 5000 ni 111, hapo mpaka shirika la ndege likubali kwanza. Ncha za waya azizibe na selotepu kila betri kwenye mfuko wake, na zisiwe zimejazwa chaji. Mie ndivyo ninavyowachukulia vijana wa nyumbani Unguja.

Moshi Mweupe
Mtaniita mshamba ila gari isiyolia sio gari, ni mdoli. Nitro unamwaga mafuta sekunde kumi umerudi uwanjani, nyie mnakaa saa nzima mnaangalia taa ya chaja kama mnaangua mayai. Na umeme ukikatika je?

Gia46
Hahaha Moshi hukosi. Chukua betri tatu, tatizo limekwisha. Na chaja nyingi zinakubali volti 12, unaning'iniza kwenye betri ya gari la kweli. Ila chaja isiwe ya kichovu, kujaza 5000 kwa ampea 5 inataka wati 84 hivi, ukinunua ya wati 50 hapo Moshi atakucheka kihalali.

Nisichotania ni lipo, yaani hizi betri za lithiamu. Ingia kwenye seting za ESC hakikisha imewekwa lipo, ikisoma betri za kawaida itainyonya mpaka ife. Ukimaliza kucheza usiiache imejaa wiki nzima, irudishe volti 3.8 kila seli. Ikivimba kama andazi basi hiyo imeshakufa usiibembeleze, na chaji juu ya sakafu ya simenti mbali na kochi na pazia, wewe ukiwa hapo hapo. Kuna jamaa yangu aliacha inachaji kitandani akaenda kuoga, alikuta godoro lina shimo linafuka.

Vumbitupu
Nashukuru sana wakuu, nabadilisha hii hii. Moshi, injini naiweka kabatini siitupi, usilie.

Vumbitupu
Wakuu nimerudi, mzigo wa shemeji umefika na nimefunga kila kitu, kitundu nimeziba na kipande cha ndoo. Nimeiweka juu ya tofali magurudumu yakiwa hewani, nikikanyaga mafuta (mafuta gani tena jamani) inazunguka kinyumenyume!! Nimekosea wapi?

Gia46
Hujakosea kitu. Kama mota yako haina ule waya mwembamba wa sensa, chukua waya zozote mbili kati ya zile tatu nene zinazotoka kwenye ESC uzibadilishane. Usibonyeze rivasi ya kwenye rimoti, utafanya breki iwe ndo gesi.

Vumbitupu
Imekubali. Nimezunguka nayo uani saa tatu usiku, jirani hata hajafungua dirisha.

Moshi Mweupe
Mdoli.