Halmashauri ya Jiji la Arusha, mnawatoza faini akina mama wa sokoni, halafu taka tulizotenganisha mnazirundika lori moja!

Wakuu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Marufuku ya rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, ilianza 1 Juni 2019 na kanuni zinajieleza: ukikutwa nayo mkononi, faini ni shilingi 30,000 hadi 200,000, au ndani siku zisizozidi saba. Mzalishaji na mwingizaji ni milioni 20 hadi bilioni 1. Sasa pale soko la Kilombero mgambo anamkimbiza nani? Mama wa nyanya. Mwenye stoo ya marobota ya rambo anapigiwa saluti.

Mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa, nayo ni kichekesho. Kiwango ni gramu 70 kwa mita ya mraba, na kupima hakuhitaji maabara. Kata vipande 10 vya sentimita 10 kwa 10, pasipo na mshono wala mkono wa mfuko, uviweke vyote kwenye mizani. Vikifika gramu 7, mfuko umepita. Vikisoma 3 au 4, hapo ni viazi kumwagika njiani na mfuko kuishia mtaroni. Mkaguzi anapapasa kwa vidole, anaandika risiti. Arusha hii ya wapima Tanzanite, kweli tukose kamzani?

Kinachochefua zaidi ni huku mitaani. Tunahimizwa kutenganisha, tunatenganisha, lori linakuja linameza vyote na kushindilia. Chupa ikishalowa mchuzi wa maharage na majivu, mnunuzi anaikataa au anakata bei, maana kuiosha ni gharama. Na chupa za nusu lita huhitajika zisizopungua 50 kupata kilo moja, kwa hiyo muokotaji akipunjwa bei kidogo tu, anaziacha zilipo. Masika ikija zinateremka mto Themi.

Anayetaka kufanya kwa usahihi: fungua chupa, mwaga maji, kanyaga. Chupa iliyofungwa imejaa hewa, na guta litabeba upepo. Kifuniko weka kivyake, ni plastiki ya aina nyingine. Chenyewe huelea majini, chupa huzama. Lebo bandua.

Lakini yote hayo ni kazi bure kama hakuna siku ya plastiki pekee. Siku moja ya taka za jikoni, nyingine ya chupa, ratiba ibandikwe ofisi ya mtaa. Na kaya inayotenganisha ipunguziwe ada ya taka, si kulipa sawasawa na anayechoma plastiki uani.

Diwani yeyote aliyemo humu ajibu hili: mkandarasi wa kuzoa taka analipwa kiasi kile kile kila mwezi au kwa tani? Kwa mwezi, hana sababu ya kurudi mara ya pili kufuata chupa. Kwa tani ndiyo balaa kabisa, plastiki haina uzito, pesa yake iko kwenye maganda mabichi ya ndizi. Wekeni kipengele cha kumkata malipo kila mzigo uliochanganywa ukifika dampo, na mtu wa kuukagua awe pale getini.